DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Siku tatu za kununa zikishapita

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, Mola ametufikisha siku ya 19. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Kila mtu ana mipango yake. Kuna waliokwisha kuaga kazini ili wakae itikafu. Kuna wanaokimbizana na juzuu zilizobaki ili wahitimishe. Akina mama wanapiga hesabu ya nguo za watoto na mchele wa Idi. Yote kheri. Ila kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukuliweka kwenye mpango: *yule mtu ambaye hatusemeshani.*

Usiangalie pembeni, kila mmoja wetu anaye, au amewahi kuwa naye. Ni rafiki wa miaka kumi na mitano, ni ndugu wa tumbo moja, ni jirani mliyechangia kisima, ni mwenza mliyekuwa naye meza moja sokoni. Leo ukimwona anakuja upande huu wa barabara, wewe unavuka kwenda upande ule. Ukimkuta msafu wa kwanza, unaona afadhali usimame wa tatu.

Leo tukae na jambo hili taratibu.

*1. Usiku uliofichwa kwa sababu ya ugomvi*

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ubada bin Samit (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) siku moja alitoka ili awaambie Maswahaba ni usiku upi hasa ndio Laylatul Qadr. Akakuta watu wawili katika Waislamu wanagombana. Kwa ugomvi ule, ujuzi wa usiku huo ukaondolewa. Mtume akawaambia huenda kuna kheri ndani yake, basi wautafute katika masiku ya mwisho.

Ebu fikiri, ndugu yangu. Sisi tunakesha usiku wa 21, wa 23, wa 25, wa 27 na wa 29, macho mekundu, tukiutafuta usiku mmoja. Na sababu mojawapo ya kuutafuta hivyo ni kwamba watu wawili walikuwa hawaelewani. Wawili tu! Wala hatukuambiwa walikuwa wanagombania nini. Mara nyingi ndivyo ugomvi ulivyo. Madhara yake yanabaki na yanafika kwa watu ambao hawakuwepo kabisa, lakini chanzo kimeshasahaulika.

Na tusidhani ni jambo la Ramadhani peke yake. Katika Sahih Muslim imekuja kuwa milango ya Pepo hufunguliwa kila Jumatatu na Alhamisi, wakasamehewa waja wasiomshirikisha Allah, isipokuwa watu wawili wenye uadui baina yao. Hao huambiwa wasubirishwe mpaka wapatane. Yaani jalada lako limefika, limesomwa, limewekwa pembeni. Si kwamba hukuswali. Si kwamba hukufunga. Kuna mtu mmoja pale Lizaboni au Mfaranyaki ambaye hutaki kumpa salamu.

*2. Kwa nini ni siku tatu?*

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba si halali Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageukia huku na yule anageukia kule, na mbora wao ni yule anayeanza salamu.

Angalia hekima iliyomo. Dini haikusema usikasirike hata dakika moja. Allah aliyetuumba anajua kuwa moyo ukichomwa unahitaji muda. Siku ya kwanza damu inachemka. Siku ya pili unaanza kukumbuka na maneno yako mwenyewe. Siku ya tatu hasira imebaki majivu. Baada ya hapo kinachoendelea si hasira tena, ni *mazoea ya kununa*, na mazoea yana nguvu kuliko hasira. Mtu anafika mahali hana hata hamaki na mwenzake, lakini anaona aibu kuanza. Anajiuliza, "Nitaanzaje sasa? Miezi minane imepita."

Kwa hiyo siku tatu ni kipimo cha mtu anayeijua nafsi ya binadamu. Ndani ya siku tatu mlango bado una bawaba zenye mafuta. Ukiacha mwaka, kutu imeshika, na kuufungua inabidi usukume kwa bega. Abu Daud amepokea kuwa anayemhama ndugu yake mwaka mzima ni kama aliyemwaga damu yake. Neno zito hilo. Ebu tuone kwa nini linafananishwa na damu.

*3. Kimya kinauma kama kipigo*

Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anaitwa Kipling Williams. Alikuwa amekaa bustanini, kisahani cha kuchezea cha watu wawili asiowajua kikamfikia. Akawarushia. Wakamrudishia. Wakacheza watatu kidogo, halafu wale wawili wakaacha kumrushia, bila neno. Mtu mzima, msomi, na wale hakuwajua hata majina, lakini alijisikia vibaya mno. Akashangaa mwenyewe. Kuanzia hapo akafanya kazi kubwa ya kuchunguza jambo moja: mtu anapofanywa kama hayupo, anapatwa na nini?

Mwaka 2003, yeye na wenzake Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman walichapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo huku wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Ghafla mpira ukawa hauji kwao. Wakaona kuwa sehemu ya ubongo iliyoamka ni mojawapo ya zile zinazoamka mtu anapoumia mwilini.

Sasa rudi kwetu. Kama mtu anaumia kwa kunyimwa mpira wa kompyuta na watu asiowajua, je, mama aliyelea mwanawe halafu mwana hapokei simu yake tangu Idi iliyopita? Je, rafiki aliyekubebea jeneza la baba yako, leo unampita kama nguzo ya umeme? Tunasema, "Mimi sijamfanya kitu, nimekaa kimya tu." Hapana, ndugu yangu. *Kukaa kimya nako ni kufanya kitu.* Unampiga mahali pasipoonekana, na yeye hana hata alama ya kumwonyesha mtu.

Na humu majumbani tusijifiche. Kuna mume na mke wanafunga pamoja, wanakula daku sinia moja, lakini ujumbe unapita kwa mtoto. "Mwambie baba yako maji yamechemka." "Mwambie mama yako nimesikia." Mtoto wa miaka saba amefanywa posta. John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyetumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakizungumza, ametaja dalili nne za ndoa inayokwenda pabaya: kumshambulia mtu badala ya kosa lake, dharau, kujitetea kwa kila neno, na kujenga ukuta wa kimya. Mbaya zaidi katika hizo, anasema, ni dharau. Tukisoma Suratul Hujurat aya ya 11, tunakuta Allah amekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, akatuambia huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau.

*4. Ugomvi unavyojengwa: hesabu ya deni la mbolea*

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, asije mtu akasema shekhe amenisema kwenye kundi.

Kuna marafiki wawili. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza anamwomba wa pili shilingi 80,000 akamalizie mbolea, mahindi yake yameshatoka ardhini. Anaahidi kurudisha mwisho wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza unafika na ada, daftari, sare za shule. Hela hakuna. Anaona aibu, kwa hiyo hapigi simu. Akipigiwa mara ya kwanza hapokei, anasema nitampigia nikipata. Wa pili anaona simu haikupokelewa. Anatuma ujumbe, alama mbili zinageuka bluu, jibu hakuna. Jioni anaweka status: *"Marafiki wengine ni kupe."* Wa kwanza anaisoma. Wa pili naye anaona kuwa ameisoma. Basi, urafiki wa miaka kumi na mitano umeishia hapo.

Sasa tuulize: nani mbaya hapa? Ukimsikiliza wa kwanza: "Nilikuwa nimebanwa, yeye akanitangaza mjini kwa elfu themanini." Ukimsikiliza wa pili: "Hela si tatizo, tatizo ni dharau. Angesema tu." Wote wawili wameumia kweli. Na wote wawili wamefanya kosa moja, ambalo wanasaikolojia wamelichunguza sana.  Kosa lenyewe ni hili: *jambo baya nikilifanya mimi, nalieleza kwa hali iliyonikuta, ukilifanya wewe, nalieleza kwa tabia yako.*

Mimi nikichelewa darsa, ni mvua, bodaboda ilipata pancha. Wewe ukichelewa, hujali dini. Mimi nikisahau kukupigia, nilibanwa. Wewe ukisahau, una maringo siku hizi. Mimi nimefokea watu kwa sababu ya swaumu na jua, wewe umefoka kwa sababu ndivyo ulivyozaliwa.

Ndiyo maana Suratul Hujurat aya ya 12 inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Na wema waliotangulia walikuwa na ada ya kumtafutia ndugu yao udhuru kabla ya kumhukumu. Kumtafutia mtu udhuru si ujinga. Ni kumpa mwenzako ile hesabu ambayo wewe mwenyewe unajipa kila siku bila kuombwa.

*5. Abu Bakr na Umar waligombana pia*

Kuna watu wanadhani marafiki wa kweli hawagombani. Hiyo si kweli, na dalili iko katika Sahih Bukhari, kwa mapokezi ya Abu Dardaa (r.a.).

Siku moja Abu Bakr na Umar (r.a.) walitofautiana. Abu Bakr akamkosea Umar, kisha akajuta palepale, akamfuata kumwomba msamaha. Umar akakataa. Abu Bakr akaenda kwa Mtume (s.a.w.), ameshika ncha ya nguo yake mpaka goti linaonekana, ishara ya mtu aliyevurugikiwa. Akaeleza. Mtume akamwombea maghufira mara tatu. Huku nyuma Umar naye moyo ukamsuta, akaenda nyumbani kwa Abu Bakr kumtafuta, hakumkuta. Akaja kwa Mtume (s.a.w.). Uso wa Mtume ukabadilika kwa hasira. Hapo Abu Bakr akaogopa mwenzake asije akakemewa, akapiga magoti, akasema mara mbili kwamba yeye ndiye aliyedhulumu zaidi.

Ndugu zangu, tukae hapa kidogo, maana kuna mambo manne ndani yake.

La kwanza, *haraka.* Haikupita wiki. Hata siku tatu hazikuguswa.

La pili, *miguu.* Kila mmoja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mwenzake. Hakumtuma mtu kupima upepo.

La tatu, *aliyekataa alirudi.* Umar alikataa msamaha mara ya kwanza. Binadamu. Lakini hakuona aibu kubadili msimamo. Wengine tukishasema "simsamehi," tunalilinda neno letu kuliko tunavyoulinda moyo wetu.

La nne, na hili ndilo kubwa: Abu Bakr alipopata nafasi ya kushinda kesi mbele ya Mtume mwenyewe, *aliitupa.* Alimtetea mwenzake. Alichagua rafiki kuliko ushindi. Watafiti wa ndoa kama Gottman wanasema walio salama si wasiogombana, ni wale wanaojua kutengeneza haraka kilichoharibika. Maswahaba walilifanya hilo karne 14 zilizopita.

*6. Wazee wetu na utani*

Hapa kwetu Ruvuma tuna somo jingine, ambalo tunalo mikononi wala hatulioni. Ni utani.

Wazee wanatusimulia, na vitabu vya historia vimeandika, kuwa Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Vilikwisha bila mshindi, kila upande umechoka na umezika watu wake. Kwa hesabu ya kawaida, watu hawa walitakiwa wachukiane mpaka leo. Badala yake wakawa *watani.* Mngoni akikutana na Mhehe kwenye basi la kwenda Iringa, hawajuani, lakini kabla gari halijatoka stendi wameshaanza kutaniana habari za mbwa na mikuki, na abiria wote wanacheka.

Na utani si maneno tu. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayefika akachota maji, akachimba kaburi, akaosha vyombo, huku anawachekesha wafiwa waliokuwa hawajala tangu jana. Anaweza kuchukua kofia ya mwenye msiba na kudai akomboe. Na hakuna anayekasirika, kwa sababu sheria ya utani ni kwamba *mtani hakasirikiwi.*

Mtaalamu wa mila za watu, Radcliffe-Brown wa Uingereza, aliandika makala juu ya mahusiano ya namna hii mwaka 1940. Alichoeleza ni kuwa utani huwekwa mahali penye mambo mawili kwa pamoja: watu wana sababu ya kuwa karibu, na wana sababu ya kugongana. Utani unazifanya zile sababu za kugongana zitoke kwa kicheko badala ya kutoka kwa panga.

Tunajifunza nini? Kwamba watu waliouana kwenye vita waliweza kutafuta njia ya kukaa pamoja, wakazikana. Sasa mimi na wewe, tuliokosana kwa elfu themanini na status moja, tunashindwa vipi? Wao walikuwa na damu katikati yao. Sisi tuna nini?

Angalizo la dini tusilisahau. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania na hasemi ila kweli. Utani wa kumvunjia mtu heshima, kumtusi mzazi wake, au kumdhalilisha mbele za watu, huo si utani, ndio ule uliokatazwa katika Hujurat. Kipimo ni chepesi: anayetaniwa anacheka pia? Kama wewe peke yako ndiye unayecheka, acha.

*7. Sasa tuanzeje?*

Watu wengi wanataka kupatana, wanakwama kwenye namna. Haya ni machache ya kufanyia kazi.

▪️ *Anza na salamu, usianze na kesi.* Usifike na "tulimalize hili jambo." Fika na "Assalaam alaykum, kaka, swaumu inakwendaje?" Kesi ina siku yake. Imam Nawawi ametaja tofauti ya wanazuoni hapa: kwa Malik na Shafi salamu inatosha kuondoa kuhamana. Imam Ahmad anasema kama kutosemeshana kunamuumiza mwenzako, salamu peke yake haitoshi mpaka mrudi kuzungumza. Basi anza na salamu, halafu songa mbele.

▪️ *Chagua mahali.* Si kwenye kundi la mtandaoni. Si kwenye futari mbele ya wageni. Mfuate nyumbani baada ya tarawehe, au mtembee pamoja mkitoka msikitini. Watu wanaotembea bega kwa bega huzungumza vizuri kuliko wanaotazamana kama mahakamani.

▪️ *Taja kitendo, usitaje tabia.* Usiseme "wewe ni mtu wa dharau." Sema, "Siku ile hukupokea simu niliumia, nikadhani umenidharau." La kwanza linamfanya ajitetee. La pili linamfanya aeleze.

▪️ *Beba sehemu yako.* Hata kama yako ni asilimia kumi na yake ni tisini, omba msamaha wa zile kumi bila kuongeza "lakini." Ukiongeza "lakini," umefuta ulichosema.

▪️ *Deni lizungumzwe kama deni.* Msamaha si kufuta haki ya mtu. Suratul Baqara aya ya 280 inamtaka mwenye kudai ampe muda aliyebanwa, na aya ya 282 inatuamrisha kuandika. Wewe unayedaiwa, usikimbie. Peleka hata elfu tano na useme neno. Anayedai wengi wao hawaumii kwa hela, wanaumia kwa kukimbiwa.

▪️ *Usidai jibu siku hiyohiyo.* Umar hakukubali mara ya kwanza. Wewe umeshatoka kwenye ule ubaya wa kugeuka huku na kule. Mpe mwenzako naye siku zake tatu.

Na wewe uliye katikati, unayewajua wote wawili, usikae pembeni ukiangalia kama mpira. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa kusuluhisha baina ya watu kuna daraja inayopita daraja ya funga, swala na sadaka za sunna. Na katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.), msuluhishi anayefikisha maneno ya kheri hahesabiwi kuwa mwongo. Kwa hiyo ukimsikia wa kwanza anasema, "Yule jamaa ni mkaidi, ila kwa kweli ni mtu wa watu," wewe peleka ile nusu ya pili. Ile ya kwanza ifie kifuani mwako. Siku hizi tunafanya kinyume: tunapiga picha ujumbe na kuutuma uleule wenye sumu.

*8. Je, kila aliyeniumiza lazima nirudi kwake?*

Swali hili linaulizwa sana, hasa na dada zetu, na ni haki kuulizwa. Jibu: tofautisha vitu vitatu. Kuna *kusamehe*, ni baina yako na Allah na moyo wako. Kuna *kutomhama*, yaani salamu na haki za Uislamu. Na kuna *kuamini tena na kuwa karibu*. Hiki cha tatu hakidaiwi kwa nguvu. Kinajengwa pole pole, kwa vitendo.

Mtu anayekupiga, anayekula mali ya yatima, anayehatarisha watoto wako, hukuambiwa umpe ufunguo wa nyumba kwa sababu ni Ramadhani. Wanazuoni, miongoni mwao Ibn Abdil-Barr, wamesema kuwa anayeogopa madhara ya dini yake au dunia yake kwa kusemeshana na mtu, anaruhusiwa kujitenga naye. Katika hali hiyo waone wazee, ofisi ya shekhe, na vyombo vya sheria. Usikae na maumivu peke yako ukidhani ndiyo subira.

Ila tuwe wakweli na nafsi zetu. Wengi wetu hatumo katika hukumu hiyo. Sisi hatukukimbia hatari. Tulikimbia aibu ya kuanza.

*9. Kazi ya leo*

Kabla ya futari ya kesho, kila mmoja amchague mtu *mmoja*. Mmoja tu. Kama yuko hapa mjini, mfuate. Kama yuko Dar, Tunduru, Mbinga au Muscat, piga simu. Kama simu ni nzito, andika hivi, au ukaandike kwa maneno yako:

_"Assalaam alaykum kaka/dada. Kumi la mwisho linaingia, nimekukumbuka. Kama kuna nililokukosea, naomba unisamehe kwa ajili ya Allah. Na mimi sina kinyongo na wewe. Nakuombea kheri."_

Usiandike zaidi ya hapo. Usimkumbushe alichofanya. Ukishatuma, weka simu chini, kaswali.

Na kwa wale ambao mtu wao ameshatangulia mbele ya haki kabla hamjapatana: mlango wa dua haujafungwa. Mwombee maghufira, mtolee sadaka, waunge watoto wake na rafiki zake. Halafu yule aliye hai, usimwache afike huko.

Kwa wenye marafiki mnaoelewana, Alhamdulillah, nanyi mna kazi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu akimpenda ndugu yake amjulishe kuwa anampenda, kama alivyopokea Abu Daud. Sisi wanaume wa huku hili linatupa shida sana. Mtu atakulimia shamba, atakesha na wewe hospitali, lakini kusema "nakupenda kwa ajili ya Allah" ulimi unakuwa mzito kama jiwe la Matogoro. Jaribu leo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema neno hilo.

*Dua*

Ewe Mola wetu, uliyeziunganisha nyoyo za Aus na Khazraj baada ya vita vyao, ziunganishe nyoyo zetu. Tuondolee kinyongo kwa walioamini. Mwepesishie ulimi yule anayetaka kuanza salamu, na mlainishie moyo yule anayesubiri kusalimiwa. Tufikishe Laylatul Qadr na majalada yetu yasiwekwe pembeni kwa sababu ya mtu mmoja. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu. Amin.

Kesho in shaa Allah: darsa ya siku ya 20, adabu za itikafu na mambo ya kubeba na ya kuacha nyumbani.

Mwenye swali amfuate imamu baada ya swala ya alasiri, au aandike kwa faragha. Ukimtumia mwenzako darsa hii, angalia usimtumie kama fumbo. Kama ni yeye, mpigie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. 🌙